Roho ya Saa

Saa ilikuwa ya moto. Si moto wa jua, maana mgeni aliyeileta aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Ilikuwa na joto la paji la uso la mgonjwa, na Fundi Jicho alipoipokea nusura aiangushe. Saa ya mfukoni, ya zamani, ya fedha, imelika pembeni kwa kushikwashikwa na watu ambao bila shaka walikwisha kufa siku nyingi.

Jina la Jicho alipewa kwa ajili ya ile lenzi nyeusi aliyoipachika jichoni tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja alikwenda nayo sokoni bila kujua, na watu hawakumsahaulisha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, yeye na meza yake dirishani, mkewe na cherehani yake karibu na mlango. Walishinda wakigombana kutwa nzima, na mapenzi yao yalikuwa ndani ya ugomvi huohuo.

Alifungua kifuniko cha nyuma, akainama. "Lo! Mzee wangu, hii imeanguka. Roho imevunjika."

Ndivyo alivyoliita lile gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi, lenye uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele. Bila hilo, saa ni kopo tu. La saa hii lilikuwa limepinda, mhimili wake umekatika ncha, na uzi umejisokota vibaya.

"Iliyokuwemo imechoka," alisema mgeni. Alikuwa mzee mrefu, mpole wa maneno, na alinuka kama utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Mchana ule kila mtu alikuwa akijipepea, lakini yeye hakuwa na tone la jasho. "Unayo roho nyingine ya kutia?"

"Roho zimejaa tele kwangu, mzee. Chagua uitakayo!"

Mkewe aliangua kicheko juu ya cherehani. "Ila yangu usiiguse, baba. Nina nguo za watu hapa."

Mgeni naye akacheka. "Basi yako siigusi, mama. Lakini umesikia alivyosema. Wewe ni shahidi." Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje kungoja.

Fundi alipekua kopo lake la saa mbovu, akapata gurudumu la kipimo kilekile. Aliunyoosha uzi kwa kibano, pindo baada ya pindo, huku amezuia pumzi. Akaingiza ncha za mhimili kwenye vijiwe vyake, akakaza kidaraja cha juu kinacholishikilia gurudumu, akaijaza saa ufunguo. Gurudumu halikutikisika. Alilifungua, akalisafisha, akalirudisha. Wapi!

Ndipo Kitinda, binti yao wa mwisho, aliporudi kutoka shule na mkoba mkubwa kumzidi mgongo. "Saa ngapi, baba?"

"Chagua uitakayo," alijibu bila kuinua kichwa. Ulikuwa utani wao wa kila siku, kwa sababu ukutani palijaa saa na hakuna mbili zilizopatana.

Mtoto aliweka kidevu mezani, akalitazama lile gurudumu lililogoma, akalipulizia. Fuu. Likaanza kucheza, tikitikitiki, vizuri mno. Nje, mgeni akakohoa mara moja, kisha kimya.

"Baba," alisema Kitinda, "mbona kunapiga humu?" Alikuwa ameshika kifua.

Alikwenda kulala juu ya vitambaa vya mama yake, jambo lililokatazwa, na mama yake alipomwinamia amkemee alisikia harufu ya utambi uliozimwa ikitoka kinywani mwa mwanawe. Akamwekea mkono kifuani, na chini ya kiganja chake moyo haukudunda kama moyo wa mtu bali ulikwenda tikitikitiki, haraka, kavu, sawasawa na saa iliyokuwa mezani, na miguu ya mtoto ilikuwa baridi, na macho yake yalimtazama kwa adabu kama mtu anayeketi kwenye nyumba ya watu na kungoja wenyewe waondoke.

"Baba Kitinda," alinong'ona. "Njoo usikie. Njoo polepole."

Fundi aliinama, akasikia.

Mke alikuwa na shangazi yake nyumba ya nyuma, mwanamke mnene aliyewapunga watu wenye majini bila makelele wala vitisho. Alipoitwa alikuja pekupeku. Mlangoni alimgusa yule mzee wa benchini, na kichwa cha mzee kikaanguka upande. Alikuwa mkavu na mwepesi, kama aliyekufa mwaka jana.

"Hilo ganda tu," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Jini huyu hana mwili. Huazima wa mtu, na roho ya mwenye mwili huifungia ndani ya saa, ndiyo inayoizungusha. Iliyokuwemo ilivunjika. Nani amempa nyingine?"

Mke alimtazama mumewe. "Tulikuwa tunatania, shangazi."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Fundi, nisikilize. Mtoto yuko njiani, nusu kwake, nusu humo. Litoe hilo gurudumu kwa mkono wako likiwa linakwenda, atarudi. Ukilisimamisha tu, mlango umefungwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Likiwa linakwenda. Nisilisimamishe."

Alipachika lenzi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kioo, na nyuma yake mkewe alikuwa akisema mwanangu, mwanangu, na ukutani saa zote zilikuwa zimenyamaza isipokuwa ile moja, na gurudumu lilicheza mbele yake zuri na jepesi kama halina kosa. Alishika bisibisi kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, uliofanya kazi ile maisha yake yote, uliokuwa ukijua kwamba fundi hafungui kidaraja gurudumu likicheza maana ncha zitakatika, wenyewe ulichukua unywele wa brashi na kuligusa ukingoni, taratibu, kama alivyofundishwa.

Likasimama.

Shangazi alisema, "Ah," basi. Kwenye vitambaa Kitinda alikuwa ametulia. Fundi alitupa brashi, akapuliza, akapuliza tena, huku akilia kwa sauti, mpaka gurudumu likaanza upya.

Mtoto aliketi. Akainyoosha sketi ya shule magotini, akatoa kiganja.

"Ahsante, fundi," alisema kwa upole. "Nipe saa yangu. Na tuitunze isianguke. Uliona mwenyewe iliyokuwemo ilivyoumia."

Mama alipiga yowe, akamrukia, akamkumbatia, akamwachia. Shangazi aliketi sakafuni.

Fundi aliichukua saa. Ilikuwa ya moto. Akafanya anavyofanya kwa kila saa iliyokwisha kutengenezwa, akaiweka sikioni. Ilikwenda barabara. Chini ya mlio wake, mbali, palikuwa na sauti ndogo.

"Baba? Saa ngapi, baba? Mbona giza?"