Mashati Yaliyobana

Kila nikitoka shule kazi yangu ilikuwa moja: kukaa kando ya cherehani ya mama na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo alizomaliza. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha, kwa kuwa mama alinilea peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Maswali.

Siku moja mama alijichoma sindano kidoleni. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida, lakini safari hii damu haikukoma. Alikibana kidole kwa kitambaa, akabadilisha kitambaa, akabadilisha tena. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa akihema kwa kupanda vidato vitatu tu vya kibaraza. Jioni hiyo alikubali kwenda hospitali, wakamlaza.

"Damu ya mama yako ni kidogo mno," muuguzi aliniambia.

"Kama ni kidogo, mbona ilitoka nyingi?"

Muuguzi alikaa karibu nami. "Damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Kwake kazi hiyo imezorota. Imepungua ile inayompa nguvu, imepungua pia ile inayoziba jeraha. Tutamwongezea damu, lakini dawa ya kuiamsha mifupa ni ghali, na itabidi muinunue."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Mimi nilijua mifupa ni ya kutusimamisha tu.

Mama alinivuta karibu akaninong'oneza, "Usimwambie mtu. Wakisikia fundi anatokwa na damu, nani ataniletea tena kitambaa cheupe? Sema nimekwenda kumsalimia dada yangu. Nikitoka nitamaliza mashati ya kwaya, tupate pesa za kuanzia dawa."

Mashati hayo yalikuwa kumi, meupe, ya kwaya ya shule yetu niliyoimba na mimi, na yalitakiwa Jumamosi, siku ya wazazi. Nilirudi nyumbani peke yangu. Jirani yetu Fundi Soli, mshona viatu tuliyechangia naye kibaraza, alinipokea pamoja na mkewe nilale kwao. Nikawapa ile habari ya dada. Fundi Soli alinitazama tu, akaendelea kugonga kisigino.

Kama ugonjwa si kosa, mbona unafichwa? Swali hilo halikuniacha. Kwa kuwa sikupata jibu, nikatafuta kazi. Nilifungua daftari la vipimo la mama, nikatandika kitambaa, nikachukua mkasi. Kukanyaga cherehani nilijua, maana mama alishanifundisha kushona mifuko na mashuka. Nilikata mashati yote kumi kwa namba zilizoandikwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Nilijiona fundi kweli.

Nilipomaliza kushona la kwanza nilimpelekea rafiki yangu Kengele, aliyeitwa hivyo kwa sauti yake. Alilivaa kwa shida, vifungo vikagoma kufika. Alipoinua mikono, kwapa likapasuka.

"Maswali, hili ni la mdogo wangu?"

"Ni lako! Vipimo ni vyako!"

"Kwani nimenenepa tangu juzi?"

Tulipima upya. Namba na kitambaa vilikubaliana, ila shati na Kengele havikukubaliana hata kidogo. Nilihisi kuchanganyikiwa kabisa. Kesho yake mwalimu wa kwaya akaniuliza mashati yamefikia wapi.

"Yako karibu, mwalimu," nilijibu, macho kwenye viatu vyangu.

Jioni Fundi Soli alinikuta nimezungukwa na vipande vyeupe, nalia.

"Mama yako anarudi lini?"

"Bado yuko kwa dada yake."

"Dada yupi? Aliniambia mwenyewe kwao alizaliwa peke yake. Huyo dada kaota kama uyoga? Nimenyamaza siku tatu nikisubiri useme."

Nikamwaga yote. Alisikiliza, kisha akalipima shati kwa mkono. "Namba hizi ni za mwili, binti. Mama yako akikata huongeza upana wa vidole vinne, mtu apumue na kuinua mkono. Haandiki, anavyo kichwani."

"Basi nimeharibu yote?"

"Kiatu kikibana sikitupi, natia kipande ubavuni. Lakini kitambaa hiki kina wenyewe. Nenda kwa mwalimu. Na kabla ya mwalimu, nenda kwa mama."

Hospitalini mama alinisikiliza akitazama ukuta. Nilidhani atanigombeza. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa. "Waambie," alisema. "Waambie kila kitu. Nyumbani, chini ya kitanda changu, kuna kitambaa chekundu, kitatosha kutia ubavuni."

Mwalimu alikasirika, hilo sifichi. "Kitambaa kilichangwa na wazazi, nawe unaniambia yako karibu!" Niliposimulia habari za mama alivua miwani, akaifuta. "Yatie hivyo vipande," alisema. "Jumamosi utasema mwenyewe, au nikusemee?"

"Nitasema mwenyewe."

Jumamosi tulisimama kumi, weupe wenye mbavu nyekundu, na wazazi wakaanza kunong'onezana. Nilipiga hatua moja mbele. Nikasema, "Mashati haya niliyakata vibaya mimi. Mama ni mgonjwa wa damu, na nilitaka kumtafutia pesa za dawa. Niliwaficha. Naomba mnisamehe."

Kisha Kengele akaanzisha wimbo kwa sauti yake ile, sote tukaitikia, na mwalimu akapitisha kapu. Lilirudi limejaa. Watu sita walikwenda hospitali kutoa damu. Mmoja wao alikuwa Fundi Soli, anayetoboa soli siku nzima, naye alizirai kabla sindano haijatoka kwenye pakiti yake. Alipozinduka aliwaambia waendelee.

Dawa ilianza wiki hiyohiyo. Ilichukua miezi, na hadi leo mama anarudi kliniki kupimwa, lakini siku aliyotoka hospitali alipanda vidato vitatu bila kusimama. Kibarazani alimkuta mteja akimsubiri, kitambaa kikiwa kwapani. Kilikuwa cheupe.

Mteja alipoondoka, mama alilichukua shati langu, akapitisha vidole kwenye ubavu mwekundu. "Umejua ulikosea wapi?"

"Sikuacha vidole vinne."

"Na mimi nilikosea hivyohivyo. Nilikupa siri isiyo na nafasi ya kupumua, mwanangu, ikakubana mpaka ukapasuka. Tungesema mapema, msaada ungefika mapema. Jambo zito likikupata, mweleze mtu unayemwamini siku hiyohiyo, hata kama mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

Kisha alifungua daftari la vipimo, akatafuta kalamu, na juu kabisa ya ukurasa akaandika kwa herufi kubwa: ONGEZA VIDOLE VINNE.