Kikengele Chini ya Bawa

Kila asubuhi, nyumbani kwao Bengaluru, kazi ya Chaitra ilikuwa kufuta vumbi kwenye rafu ya sala huku bibi yake akitunga maua ya asumini. Vyombo vya pale alivijua hata akifumba macho: taa ya shaba, kisahani cha unga mwekundu, na kamba yenye vikengele saba, kila kimoja sawa na mbegu ya ukwaju. Ijumaa ile aliifuta rafu haraka mno, na alipomaliza, vikengele vilibaki sita. Cha saba alikitumbukiza ndani ya soksi.

Hakuwa mwizi, msimfikirie vibaya. Baba yake, Basavaraj, alikuwa fundi katika kituo cha utafiti wa ndege. Kwa miaka miwili alikuwa akichonga bawa la mfano la ndege mpya. Walipolijaribu mara ya kwanza, lilivunjika dakika ya nne, na tangu siku hiyo baba alikuwa akila nusu sahani tu. Leo lingejaribiwa tena, na leo hiyohiyo darasa la Chaitra lilikuwa linatembelea kituo. Chaitra hakutaka bawa la baba likabili upepo bila kitu cha nyumbani cha kulilinda.

Mlangoni mwa kituo walipokelewa na mhandisi mmoja mchangamfu, Madamu Vasudha, aliyeshika sinia kubwa.

"Pini, kalamu, saa, bangili, vyote humu," alisema. "Na maua ya kichwani pia, wasichana, mnisamehe. Mnaingia kwenye handaki la upepo, tunamojaribia mabawa kwa kuyapuliza. Humo haingii kitu ambacho hakikuandikwa."

"Hata meno ya bandia?" aliuliza Tejas, rafiki yake Chaitra, huku akimtazama mwalimu wao kwa pembe ya jicho.

"Yakitoka kirahisi, ndiyo."

Darasa likaangua kicheko. Kisha kila mwanafunzi akasema, "Sina kitu kingine," na Madamu Vasudha akatia alama kwenye karatasi. Chaitra naye akasema hivyohivyo, macho yake yakiwa chini.

Walivua viatu, wakaingia na soksi. Nje ya mlango, juu ya jani la mgomba, palikuwa na vipande viwili vya nazi, lakini Chaitra alivipita bila kuvijali. Handaki lilikuwa chumba kirefu cha chuma, baridi na laini, na mwisho wake feni yenye mapanga ya mbao marefu kuliko mtu. Katikati, juu ya nguzo, lilisimama bawa la baba, jeupe na jembamba. Chaitra akainama kana kwamba anavuta soksi, akakisukuma kikengele kwenye upenyo uliokuwa chini ya bawa. Moyo wake ukatulia. Alijiona amemsaidia baba.

Utulivu huo haukudumu. Walipelekwa kwenye chumba cha kuongozea mitambo, ambako walitazama handaki kupitia kioo kinene. Baba yake alikuwa amekaa mbele ya vitufe.

"Kwa nini mnahesabu vitu hivyo?" mwalimu aliuliza.

"Mwaka juzi nati moja ilisahaulika mle ndani," Madamu Vasudha alijibu. "Ndogo kama dengu. Upepo uliirusha kama risasi, ikavunja mapanga manne. Tulisimamisha kazi kwa miezi sita."

 Chaitra akamwona baba akichukua ile karatasi, akiisoma mstari kwa mstari, kisha akiweka sahihi yake chini.

"Vilivyoingia vimetoka," baba alisema. "Ndani hamna kitu."

Honi ya kwanza ikalia. Ya tatu ikilia, feni ingeanza kuzunguka.

"Tejas," Chaitra alinong'ona, "nimeacha kikengele mle."

"Wee! Nyamaza," Tejas alimjibu. "Kidude kidogo hivyo kitafanya nini? Ukisema, sote tunarudishwa shule, na baba yako ataaibika mbele za watu."

Honi ya pili ikalia. Chaitra aliitazama sahihi ya baba, wino wake bado haujakauka vizuri.

"Baba, usiwashe!"

Baba akaondoa mkono kwenye kitufe, akageuka. "Kuna nini, mama?"

"Nimeweka kikengele cha Bibi mle. Chini ya bawa." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwalimu alishika kichwa. Baba hakugomba. Alichukua tochi, akavua viatu, akaingia. Baada ya dakika chache alirudi, akakiweka kikengele kwenye sinia.

"Haya, tumepona!" Madamu Vasudha alishusha pumzi. "Tuendelee."

Lakini kikengele kilipoanguka kwenye sinia hakikulia. Watu wazima hawakugundua, kwani hawakuwa wao waliokifuta kila asubuhi. Chaitra aligundua. Sasa alikuwa na jambo zito kuliko lile la kwanza, maana angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

"Kilikuwa na ulimi," alisema. "Umechomoka. Ni kama punje ya pilipili manga."

Kazi ikasimama saa mbili nzima. Mafundi walipiga magoti, tochi mkononi. Wanafunzi walikula wali wao wa ndimu uliokwisha kupoa.

"Tumekuja kuona ndege," Tejas alilalamika, "tunaangalia watu wanatambaa."



Hatimaye baba aliuona ulimi. Ulikuwa umenasa kwenye maungio ya bawa na nguzo, mahali ambapo upepo ungeuchomoa kwanza.

Honi tatu zikalia tena, na safari hii feni ikanguruma hadi kioo kikatetemeka. Bawa likapinda. Dakika ya nne ikafika. Ikapita. Ya tano ikapita, na ya kumi. Upepo ulipokoma, bawa lilikuwa zima, na baba alikuwa anafuta macho bila kujificha.

Kisha akamwita Chaitra na kumpa ile karatasi na kalamu. "Andika mwenyewe."

Chaitra akaandika: Kikengele kimoja, kimetoka. Ulimi mmoja, umetoka.

"Sikiliza, mama," baba alisema. "Mimi siwezi kuona ndani ya soksi ya mtu. Kazi yetu yote hapa inasimama juu ya neno la kila anayeingia. Umekosea kuficha, na nyumbani utamweleza Bibi mwenyewe. Lakini umesema kweli mara mbili, na ya pili hakuna aliyekuuliza. Hiyo ndiyo iliyoliokoa bawa langu."

"Nilitaka liwe na sala, Baba."

"Sala tulishaisali asubuhi, tukapasua nazi mle mle ndani, mbele ya bawa. Kitu chema hakina haja ya kufichwa. Soma mstari wa kwanza."

Chaitra akasoma. Kwa mwandiko wa baba, paliandikwa: Nazi moja, imeingia. Vipande viwili, vimetoka.