Kiti cha Nyuma ya Shahidi

Kosa la Lemuel Tapscott lilikuwa dogo, na kila mchoraji wa magazeti ya picha pale London alilifanya: alijaza kiti kitupu. Tume ilikuwa ikikaa mahakamani kuchunguza polisi waliowapiga risasi wakulima wa Ireland, na mji mzima ulitaka kuziona sura za mashahidi. Sasa nyuma ya kizimba cha shahidi kiti kimoja kilibaki wazi, picha ikawa na pengo. Lemuel akabuni mtu wa kukaa pale, uso mrefu, nyusi zimeungana, mdomo mwembamba. Hakumfikiria tena.

Kesho yake alichora wale aliowaona tu. Alipofika nyumbani akakunjua karatasi, na yule mtu alikuwamo. Amesimama, mkono wake uko begani mwa shahidi wa siku hiyo, sajini mmoja wa polisi.

Keziah, mkewe, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiuchonga mchoro wa jana kwenye mti ili uchapwe. Kibao hicho cha kuchapia kilikuwa vipande vinne vilivyofungwa kwa skrubu. Kila mchongaji hupewa chake, kisha vinaunganishwa tena ili gazeti lisichelewe. Kipande chenye kile kiti kilimwangukia Keziah.

"We Lemuel, huyu si yule ninayemchonga tangu asubuhi? Mbona kahama kiti?"

"Sikumchora."

"Basi kajichora mwenyewe! Kunywa chai, bwana, njaa imekupanda kichwani."

Lakini kicheko hakikufika mbali. Karatasi ilikuwa ikinuka nywele zilizoungua.

Asubuhi iliyofuata mzee Braddle, msimamizi wa wachongaji, alikuja kuchukua kipande hicho, maana vile vitatu vilikuwa tayari. Alikuja na habari pia. Yule sajini alifia kwenye ngazi za mahakama, mkono umeng'olewa pamoja na bega, na walioona wakaapa kwamba hapakuwa na mtu karibu naye.

Lemuel akaikunjua ile karatasi. Akamwonyesha mzee.

"Huyu ulimwona mahakamani?" mzee akanong'ona.

"Hapana. Nilijaza kiti tu."

"Mwanangu, umefanya nini? Kuna viumbe visivyo na uso, vinazunguka vikitafuta. Wewe umekipa kimoja uso na mahali pa kukaa. Keziah, mama, weka chini hicho kisu. Usimalizie jicho!"

Mchuma janga hula na wa kwao. Keziah alikuwa ameshalimaliza jicho.

Kisu cha kuchongea kikageuka mkononi mwake kikazama katika kiganja cha mkono wa pili, na kabla hajalia kichwa chake kikapigwa juu ya meza, mara moja, mara ya pili, meno yakaruka, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba hadi machozi yakawatoka, na shingoni mwake, mchana kweupe, vikaonekana vidole vinavyobonyeza nyama, kumi, virefu, bila mikono, vikizidi kukaza huku kutoka ndani ya mti ikisikika sauti ya mtu anayemeza.

"Keekee!" mzee akapiga yowe. "Mtoboe uso pale kwenye mti!"

Lemuel akaikamata keekee ya kutobolea mti akaizungusha katikati ya zile nyusi. Damu ikaruka kutoka kwenye mti, ya moto, ikamwingia mdomoni. Vidole vikalegea, Keziah akavuta pumzi moja. Kisha vikakaza tena.

"Tundu ni kiti kitupu tena, linamwita!" mzee akasema, huku akipigilia kiraka cha mti mpya kama wafanyavyo wachongaji wakikosea. "Chonga uso mwingine hapa, upesi. Mtu wa kweli, mwenye uso wake mwenyewe, akikaa hapo, kile kiumbe hakina pa kurudi."

"Uso wa nani?"

Mzee akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Midomo ya Keziah ilikuwa imeshakuwa ya bluu.

Lemuel akachukua kisu kingine, akaitazama sura yake kwenye kioo cha dirisha, akaanza kujichonga kwenye kile kiraka. Alipomaliza jicho la kushoto, jicho lake la kushoto likazimika. Akaelewa. Alikuwa mwoga, watu wote walimjua hivyo, aliogopa hata paka. Lakini siku ile hakuinua mkono kutoka kwenye kibao. Alichonga pua. Alichonga mdomo. Jicho la kulia aliliacha la mwisho, ili aone anachofanya.

Vidole vikaachia. Harufu ikakatika ghafla. Keziah akaanguka sakafuni akikohoa damu, hai, akamtafuta mumewe.

Lemuel alikuwa amelala chali karibu yake, visigino vyake vinapiga mbao. Kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni ilikuwa ngozi tupu, laini, haina tundu wala mkunjo. Kifua kilipanda, kikapanda tena, hakikupata hewa. Mzee Braddle alikuwa ameshakimbilia nje.

Keziah akang'oa kisu kwenye kiganja chake, akampandia mumewe kifuani, akamkandamiza kwa magoti.

"Tulia, mume wangu," akamwambia. "Tulia nikuchongee mdomo."