Usted wa Mtu Mmoja

"Yo quiere… yo quiere…"

"Quiero!" sauti ilimkosoa kwa nyuma. "Quiere ni yeye anataka, dada. Mimi nataka ni quiero."

Chausiku aligeuka, kijitabu mkononi. Stendi ya Korogwe ilinuka machungwa na vumbi, na mbele yake alisimama kijana wa suruali ya bugaluu akicheka. Ndiye Mhina, aliyerudi kutoka Kuba juzijuzi, aliyepewa kazi ya kuwafundisha Kihispania wauguzi waliokuwa wakienda kusoma huko miaka mitatu. Chausiku alikuwa mmoja wao.

Lugha ile ilimtoa roho! Kwao Kwamsisi mtu hukaa kichwani mwa kitenzi: napenda, unapenda, anapenda. Wahispania wamemficha mkiani. Kila siku alikosea palepale, na kila siku darasa lilimcheka.

Tena "wewe" zilikuwa mbili: tú ya rafiki na mpenzi, usted ya mtu wa kupewa shikamoo.

"Mimi niiteni tú," Mhina aliwaambia. "Siku hizi sote ni ndugu."

Wote wakamwita tú, isipokuwa Chausiku.

Jioni moja, wakivuka daraja, Mhina alimshika mkono. "Te quiero, Chausiku. Nakupenda."

"Nami nakupenda… usted," alijibu, macho chini.

Mhina aliuachia mkono. "Filemoni wa darasani unamwita tú mnacheka, mimi unaniamkia kama babu yako! Si useme tu hunitaki?"

Kesho yake akaenda kwao Handeni bila kuaga. Safari ya Kuba ilibakiza siku tatu. Chausiku alilia kwa hasira, kisha akajifunga kanga na kwenda posta kupiga simu ofisi ya kilimo ya Handeni, alikofanya kazi kaka wa Mhina.

"Nakusikia, Ndugu Chausiku," Mhina alisema kwa ubaridi alipoitwa na kaka yake.

"Undugu wako kaa nao! Mama yangu hajamtaja baba kwa jina tangu aolewe, hata 'we' hajamwambia. Kina Filemoni ni tú kwa sababu ni watu wa kutaniana tu. Usted nimempa mtu mmoja, naye kichwa kigumu hana mfano!"

Simu ilikwaruza. Alidhani imekatika.

"Usted quiere casarse conmigo?" Mhina aliuliza taratibu. "Nikuoe, mpenzi? Miaka mitatu nitangoja."

Watu waliopanga foleni nyuma yake walisogea kusikiliza. Chausiku alivuta pumzi, akautafuta mkia wa kitenzi.

"Quiero," alisema.