Mlango Wenye Alama ya Kiganja

Nikutegee kitendawili, mjukuu wangu, nawe ukae vizuri: nyumba yangu ina vijana wanne, naibeba kwapani, wala hawajawahi kuniomba hata maji ya kunywa. Umefikiri? Fikiri tena. Haya, nipe mji nikuambie. Nyumba hiyo ni daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la msichana wa darasa la sita, ambaye wenzake walimwita Kalamu. Kila Jumatatu jioni alisikiliza mchezo wa redio kuhusu marafiki wanne, na mchezo ukiisha, aliuendeleza kwa mkono wake. Aliwagombanisha wale vijana, akawapatanisha, akawagombanisha tena. Asubuhi daftari lilianza safari dawati la mbele, likapita mkono kwa mkono mpaka nyuma kabisa, kwa msichana aliyeitwa Mrefu.

Mrefu alikuwa rafiki mkubwa wa Kalamu. Daftari likimfikia alifunua kurasa polepole, akatabasamu, akalirudisha. Hakuwahi kusema neno juu ya hadithi yoyote.

Wengine walisema. "Hawa watoto hawana kwao?" aliuliza mvulana mmoja aliyeitwa Tarumbeta, maana habari haikulala mdomoni mwake. "Kila siku wako duka la soda. Meno yatawaozea palepale."

Darasa zima likacheka. Kalamu naye alicheka, lakini maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Duka lile alilitunga tu, likapata meza nyekundu, basi. Wakati wa mapumziko alimwuliza rafiki yake, "Wewe unaonaje? Wiki hii wakutane wapi?"

Mrefu alitazama vidole vyake vya miguu. "Twende tukanawe mikono," akasema.

Kalamu akaanza kutembea macho wazi. Aliwaweka vijana wake kwenye ngazi za zahanati, kisha nyuma ya duka la dobi, pale mvuke unapotokea dirishani. Wenzake walipenda. Ndipo siku moja mama yake akamtuma kwa fundi seremala akachukue kigoda kilichovunjika mguu.

Karakana ya fundi ilikuwa uchochoroni. Mlango wake ulipakwa rangi ya buluu, na chini kidogo ya kitasa palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, aliyeugusa zamani rangi ikiwa mbichi. Kalamu alisukuma, akasimama. Ndani, juu ya rundo la mbao, Mrefu alikuwa amekaa na kitabu cha darasa la kwanza, kidole kikifuata mstari. "Ba-ba a-na-cho-ta..." Fundi, ambaye ni mjomba wake, alipiga randa bila kugeuka. "Rudia hapo, mwanangu. Anachota nini?"

Mrefu aliinua kichwa, akamwona rafiki yake. Uso ukambadilika.

Baadaye alimsindikiza mpaka nje. "Nilipokuwa mdogo niliugua miaka miwili," alisema. "Niliporudi shuleni, wenzangu walikuwa mbali. Ubaoni nanakili tu. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

Na kweli hakumwambia mtu. Aliandika. Jumanne iliyofuata vijana wanne walikutana karakana, wakakaa juu ya mbao, maranda yakiwaingia viatuni na kopo la gundi likichemka pembeni. Aliandika mlango wa buluu. Aliandika kiganja. Mrefu hakumtaja hata kwa herufi moja, akajiambia kwamba ahadi yake ni nzima.

Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote. Daftari lilipofika nyuma, Mrefu alifunua kurasa polepole, akatabasamu, akalirudisha. Kalamu alimwona. Akainama, akajifanya anatafuta kifutio.

"Mlango huu naujua," Tarumbeta alisema walipotoka. Wenzake watatu wakamfuata. Waliukuta mlango wa buluu, wakausukuma kwa kicheko, na ndani wakamkuta Mrefu na kitabu chake cha watoto wadogo.

Kesho yake asubuhi Tarumbeta alisimama mlangoni mwa darasa. "Ba-ba a-na-cho-ta," akaimba. Mrefu aligeuka na mkoba wake, akaondoka. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu dawati la nyuma bado lilikuwa tupu.

Jioni hiyo Kalamu alikwenda karakana. Rundo la mbao halikuwa na mtu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kigoda kimevunjika tena?"

"Hapana. Ni mimi niliyewaleta wale watoto. Niliandika habari za hapa."

Fundi aliweka randa chini. "Ulimtaja?"

"Sikumtaja."

"Sasa unalia nini?"

Kalamu alijifuta macho. "Daftari lilipita mikononi mwake," akasema. "Nilijua hawezi kulisoma, na nikaliacha lipite."

Fundi alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Hapo umelisema kosa lenyewe. Mimi mtu akitaka kiti, namwuliza kwanza nani atakikalia. Wewe umeingia mahali pa mwenzako, umepachukua palivyo, na mwenye kukaa hapo hukumwuliza. Hukusema uongo, najua. Lakini ukweli wa mtu si kitu cha kuokota njiani. Huombwa. Akikataa, unauacha. Ameniambia hatasoma tena, hapa wala shuleni. Nenda kwao, na daftari uende nalo."

Mrefu alikuwa uani akikunja nguo. Hakumwitikia salamu. Kalamu alikaa chini, akafungua daftari, akamsomea hadithi yote kwa sauti, neno kwa neno, hata pale palipomtia aibu. Kisha akasema, "Ulipaswa kuyasikia haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Nisamehe. Ukitaka, nachana."

Mrefu alikunja shuka hadi ikawa ndogo kabisa. "Kiganja kile ni changu," akasema. "Nilikuwa na miaka mitatu." Akaiweka shuka chini. "Usichane. Nipe."

Asubuhi iliyofuata Kalamu alimweleza mwalimu kila kitu, kisha akasimama mbele ya darasa akakiri kwamba kosa lilikuwa lake. Mwalimu alimtazama Tarumbeta. "Nani hapa alizaliwa anasoma?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Jioni Tarumbeta alikwenda karakana peke yake, akaomba radhi akitazama sakafu, na bila kuambiwa akachukua ufagio akazoa maranda.

Mrefu alirudi. Mwalimu alimpa nusu saa kila siku baada ya masomo, na alasiri zilizobaki alisoma kwa mjomba. Kitabu cha watoto kilipoisha, alilifungua lile daftari alilopewa na Kalamu. Aliusoma ukurasa mmoja kwa siku sita, kidole kikitangulia, randa ikinyamaza kila alipokwama.

Siku alipoumaliza, Kalamu alifungua ukurasa mtupu, akashika kalamu, akaogopa kidogo kuuliza. Aliuliza hata hivyo. "Wiki hii wakutane wapi?"

Mrefu alitazama mbao, kopo la gundi, mlango.

"Hapahapa," akasema. "Lakini andika kwamba walibisha hodi, na mimi ndiye niliyewafungulia."