Kuku Madoa Hajawahi Kuvuka Mto

Huyu ni Atupele. Ana miaka mitano, ana sweta la njano, na ana mchezo mmoja tu anaoupenda.

Mchezo uko ndani ya simu ya Mama. Unaitwa Kuku Madoa.

Ukibonyeza hapa, kuku anatembea. Ukibonyeza pale, kuku anadonoa.

Halafu kuku anafika mtoni. Mto ni mpana. Daraja hakuna. Kuku anaruka, na…

Chubwi!

Kuku anatoka majini amelowa chepechepe. Anajitikisa, kuanzia kichwani mpaka mkiani. Puruuu! Puruuu! Atupele anacheka mpaka anashika tumbo.

Kuku hajawahi kuvuka mto. Hata mara moja. Lakini Atupele hajali. Anaanza tena.

Ko ko ko! Donoa, donoa!
Ko ko ko! Donoa, donoa!
Chubwi!

Siku moja mvua ilinyesha Mbeya tangu asubuhi. Pa-pa-pa-pa, juu ya bati. Nje kulikuwa na baridi. Nje kulikuwa na tope.

Ndani kulikuwa na wageni! Dada Sekela na kaka Lusajo, watoto wa mama mkubwa, walikuwa wamekuja likizo.

Wote watatu walijifunika blanketi moja. Miguu sita ikasukumana chini yake.

"Kila mtu aseme mchezo anaoupenda," alisema Sekela. Sekela ana miaka minane. Anapenda kupanga mambo.

Lusajo ana miaka saba. Hapendi kusubiri. Aliruka nje ya blanketi.

"Mimi, magari! Kwenye kompyuta ya Baba! Unakanyaga mafuta, hivi!"

Vruuuuum! Alizunguka kochi. Skriiii! Alizunguka meza. "Nimewapita wote!" Pu! Akagonga mlango.

"Na hapo je?" aliuliza Atupele.

"Hapo gari limepinduka," alisema Lusajo, huku akisugua goti. "Halafu niligundua kitu! Nyuma ya kilima kuna njia ya mkato. Ukipita pale, kuna mbuzi anakupungia."

"Mbuzi hapungi," alisema Sekela.

"Anapunga. Kwa sikio."

Wote walijaribu kupunga kwa sikio. Haikuwezekana.

Sekela alileta vikombe vya plastiki. Alivipanga kimoja juu ya kingine. Tak. Tak. Tak.

"Mimi, kujenga mji," alisema. "Hii ni shule. Hili ni soko. Hili ni ghorofa, ninakaa juu kabisa. Na mimi niligundua kitu. Ukipanda miti, ndege wanakuja."

"Unawaita?" aliuliza Atupele.

"Siwaiti. Wanakuja wenyewe!"

Ghorofa likayumba. Ghorofa likaanguka. Kwa-ka-ra-ka-ra!

"Sasa wewe, Atupele," alisema Sekela.

Atupele alichukua simu ya Mama. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mimi, Kuku Madoa," alisema. Akabonyeza.

Ko ko ko! Donoa, donoa!
Ko ko ko! Donoa, donoa!
Chubwi!

Puruuu! Puruuu! Atupele akacheka.

Lusajo hakucheka. "Halafu?"

"Halafu anaanza tena."

"Ng'ambo ya mto kuna nini?"

"Sijui. Hajawahi kuvuka."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," alisema Atupele. Sasa hakuwa akicheka.

"Basi huu mchezo mbovu," alisema Lusajo. "Tuweke magari!"

Alikimbia jikoni. "Mama mdogo! Tunaomba utuwekee mchezo wa magari kwenye simu."

Mama alichungulia, mwiko mkononi. "Simu yangu imejaa, mwanangu. Mchezo mmoja ukiingia, mmoja lazima utoke. Kubalianeni wenyewe."

"Basi atoke kuku," alisema Lusajo.

Atupele alisogea nyuma. Aliikumbatia simu kifuani.

"Akitoka, atalala wapi?" aliuliza.

Lusajo alimgeukia Sekela.

Sekela alifikiri. "Tumjaribu," alisema. "Akivuka mto, anabaki."

"Na asipovuka?" aliuliza Lusajo.

Pa-pa-pa-pa, mvua ikasema.

"Asipovuka, anatoka," alisema Atupele, kwa sauti ndogo sana.

Lusajo alianza. Alimkimbiza kuku mbio, mbio, mbio!

Kokokokoko! Donoadonoa!
Kokokokoko! Donoadonoa!
Chubwi!

"Hizi mbio hazitoshi," alisema Lusajo.

Akaja Sekela. Alimtembeza kuku polepole. Alimfanya adonoe mawe, ayasukume mtoni, yawe daraja. Jiwe moja. Jiwe la pili. Jiwe la tatu.

Ko… ko… ko… Donoa… donoa…
Ko… ko… ko… Donoa… donoa…
Chubwi!

"Maji yameyachukua mawe yangu!" alisema Sekela.

Akaja Atupele. Alifumba macho, akabana pumzi, akabonyeza.

Chubwi!

Kuku alitoka majini. Alikuwa amelowa kuliko siku zote. Alijitikisa. Puruuu. Puruuu.

"Basi," alisema Lusajo, akanyoosha kidole ili amtoe kuku.

"Bisi tayari!" aliita Mama kutoka jikoni.

Bisi! Za moto! Za chumvi! Lusajo alikimbia. Sekela alikimbia. Blanketi likabaki sakafuni.

Atupele hakukimbia. Alimtazama kuku wake.

"Umelowa sana," alimwambia. "Leo umeanguka mara nyingi. Pumzika kidogo kwanza."

Akailaza simu juu ya kochi. Hakubonyeza hapa. Hakubonyeza pale. Alikaa karibu tu, mikono mapajani.

Kuku alisimama. Kuku alipiga miayo. Kuku alikunja miguu, akakaa kwenye nyasi kando ya mto.

Koooo… koooo…

"Kumbe unajua kulala!" alinong'ona Atupele. Hakuwahi kumwona kuku wake amelala.

Maji ya mto yakaanza kutulia. Yakatulia. Yakatulia kabisa.

Halafu katikati ya mto kikatokea kitu. Tundu moja la pua. Tundu la pili la pua.

Puuuuf!

Sikio moja likatokea. Sikio la pili. Kisha macho mawili makubwa, yanaangalia huku na huku.

Atupele aliziba mdomo. Lakini maneno yalitoka tu katikati ya vidole.

"KUNA KIBOKO!"

Lusajo alikuja mbio. Sekela alikuja mbio. Bisi ziliruka huku na kule.

"Wapi? Wapi?"

"Shhh! Msibonyeze!" alisema Atupele. "Msibonyeze kitu chochote!"

Wote watatu walipiga magoti mbele ya kochi. Hakuna aliyesema. Hata Lusajo alisubiri.

Puuuuf! Kiboko aliinuka. Mgongo wake ulikuwa mpana kama meza. Aliogelea taratibu mpaka ukingoni. Akasimama pale, kimya.

Kuku Madoa aliamka. Alimtazama kiboko. Kiboko alimtazama kuku.

Kuku akaweka mguu mmoja mgongoni kwa kiboko. Tap. Akaweka mguu wa pili. Tap.

"Shika vizuri," alinong'ona Sekela.

"Usianguke," alinong'ona Lusajo.

Kiboko akaogelea. Polepole. Polepole. Maji hayakuruka. Kuku hakulowa hata unyoya mmoja.

Tap. Tap. Kuku akashuka.

"AMEVUKA!" alipiga kelele Atupele.

"AMEVUKA!" walipiga kelele wote. Walirukaruka mpaka Mama akaja kuona kama kochi limevunjika.

"Kumbe kiboko alikuwepo siku zote!" alisema Lusajo. "Tulikuwa tunamtisha na zile chubwi-chubwi zetu!"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba ndogo. Kuku aligonga mlango kwa mdomo. Ko, ko, ko.

Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na picha ya watu wawili wanacheka. Chini yake palikuwa na maneno. Sekela aliyasoma kwa sauti.

"Karibu! Sisi ni Studio Punje. Tumetengeneza mchezo huu. Umemwona kiboko wetu? Tutumie sauti yako!"

"Studio?" alisema Lusajo. "Studio si ya kupigia picha?"

"Studio ni ya kuimbia," alisema Sekela.

Mama alikaa nao sakafuni, akala bisi moja. "Hata michezo ina studio zake," alisema. "Watu wanakaa pamoja. Mmoja anachora, mwingine anaandika. Wanafikiri, wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena. Mwisho, kuku anatembea."

Atupele aligeuza simu. Aliitazama nyuma. Aliitazama mbele.

"Watu?" alisema. "Mimi nilidhani kuku alizaliwa humu ndani."

"Na magari yangu yalitengenezwa na watu?" aliuliza Lusajo.

"Ndiyo."

"Na yule mbuzi?"

"Na yule mbuzi. Kuna mtu mahali fulani alikaa akawaza, ngoja niweke mbuzi."

Lusajo alifikiri sana. "Ningependa kumjua mtu huyo," alisema.

Mama alibonyeza alama ya kipaza sauti. Wote walisogeza midomo karibu na simu. Wote walisema kwa wakati mmoja.

"TUMEMWONA KIBOKO! AMEVUKA! MIMI NI LUSAJO! ALIPIGA MIAYO! MASIKIO YAKE MADOGO SANA! ATUPELE NDIYE ALIYEMWONA! SHIKAMOONI!"

Mama akaachia kidole. Fyuuu! Sauti zao zikaenda.

Lusajo alikuna kichwa. "Atupele," alisema, "kuku abaki. Mimi nitacheza magari nikirudi nyumbani. Lakini… naomba zamu."

Atupele akampa simu.

Walicheza kwa zamu mpaka mvua ikakatika. Kila mmoja alimvusha kuku. Kila mmoja alijifunza kukaa kimya kando ya mto. Kwa Lusajo hilo lilikuwa gumu kuliko magari yote.

Jioni walikula ugali na maharage. Walinawa miguu. Wakapanda kitanda kimoja, vichwa vitatu kwenye mstari.

Ting! Simu ya Mama ililia.

"Ni Studio Punje!" alisema Mama. Wote waliketi. Mama akabonyeza, na sauti ya dada mmoja ikajaa chumbani.

"Marahaba, wanangu! Mimi naitwa Zaina, niko Tanga. Ninafanya kazi na kaka yangu, kwenye meza ileile tunayolia chakula. Mmetufurahisha sana! Watu wengi wanabonyeza, wanabonyeza, hawamwoni kiboko. Ila kuna jambo moja. Kiboko huyo hana jina. Tulibishana, tukachoka. Aliyemwona kwanza ndiye atampa jina. Atupele, anaitwa nani?"

"Mwite Tairi!" alisema Lusajo.

"Mwite Daraja!" alisema Sekela.

"Ngojeni," alisema Atupele. "Ninafikiri."

Alifikiri. Lusajo alingoja, akasinzia. Sekela alingoja, akasinzia. Atupele alifikiri jina refu. Alifikiri jina fupi. Kope zake zikawa nzito, nzito, nzito.

Mama alikaa kando ya kitanda. Aliisogeza simu karibu na mdomo wa Atupele.

"Haya, mwanangu. Umeshampa jina?" aliuliza, kisha akabonyeza alama ya kipaza sauti.

"Bado…" alisema Atupele, amefumba macho.

Fyuuu! Sauti ikaenda Tanga.

"Aka!" alisema Mama. "Imeshakwenda!"

Ting!

"Bado!" ilisema sauti ya Zaina, kwa furaha. "Kiboko Bado! Jina zuri kweli! Kaka ameshaliandika. Lala salama, Atupele!"

Mama aliziba mdomo kwa khanga. Alicheka kimyakimya. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

Atupele aligeuka. "Mama," alisema, kwa sauti ya usingizi, "nani anaitwa Bado?"

"Kiboko wako."

Atupele alifumbua jicho moja.

"Kiboko Bado," alisema polepole. "Mh. Linamfaa."

Akavuta blanketi, akalala.