Uso wa Wol

Mama Wol aliingia kibandani kwangu cha kutengeneza kompyuta, mtaani Munuki, jua likizama, laptop kaifunga ndani ya kitenge mfano wa mtoto mgonjwa. Nyuma yake alikuwa Nyandeng, msichana aliyeletwa kuolewa na Wol, mwanawe marehemu.

Usishtuke. Kwa Wadinka, kijana akifa bila mke, ukoo humwolea mke. Mdogo wake ndiye hulala na mke, na watoto huitwa wa marehemu ili jina lisipotee. Mimi ni Msoga, mgeni hapa, na kwetu nako kuna mambo, kwa hiyo sikucheka.

Wol alikufa kwa ajali ya lori, mwaka mmoja kabla ya kura ya maoni ya uhuru. Picha zake zote zilikuwa ndani ya laptop ile, nayo haikuwaka. Mama aliapa kwamba msichana hataingia nyumbani kwake kabla hajamwona mumewe uso. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Nikabonyeza. Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Mlio mara tatu... kimya.

Ugonjwa wa kawaida. Memori, kile kijibao kidogo cha ndani, imeshika uchafu. Unaichomoa, unaisugua meno kwa kifutio cha wanafunzi, unairudisha, kwisha. Nilikuwa nimeshaichomoa Mama alipotoka kutafuta chai.

Nyandeng akainama karibu nami. "Fundi, tafadhali. Mwambie imekufa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kuna mtu nampenda. Tunakutana pale bombani jioni. Ni mrefu, ana kovu hapa." Akagusa nyusi ya kushoto. "Ananichekesha mpaka nasahau maji. Amesema atanipeleka kwake. Picha ikikosekana, nitapata siku za kuongea na baba."

Nami nina dada wa umri wake. Huruma ikanishika. Nikaitia memori mfukoni, nikafunga skrubu zote. Mama aliporudi nikampa pole, nikamwambia imekufa kabisa.

Hakubisha. Aliweka kiganja juu ya laptop, kama anayepima homa.

"Wol," akanong'ona. "Mke wako amekuja. Mbona unajificha?"

Feni ikavuma.

Sikuwa nimegusa kitu. Laptop isiyo na memori haiwaki, hulia tu. Hii haikulia. Kibanda kikajaa harufu ya udongo uliolowa, na tulikuwa katikati ya kiangazi.

Kioo kikapata mwanga polepole... Picha moja. Kijana mrefu, anacheka.

Kovu kwenye nyusi ya kushoto.

Mama alilia kwa sauti, akikipapasa kioo, akimwita mwanawe majina yake ya utotoni. Mimi nami machozi yalinitoka, hofu au huzuni, sijui. Nyandeng hakulia.

"Mama," aliuliza, "mlimzika kweli?"

"Kwa mikono yangu."

Kioo kikazimika. Nikatia mkono mfukoni. Memori ilikuwamo bado, baridi, imeshika tope.

Mama alijikokota nje akisema kwamba sasa mwanawe amemkubali mke, na kwamba laptop ataifuata baada ya harusi. Nyandeng alibaki mlangoni, akiitazama njia ya bombani. Aliniuliza taratibu, bila kugeuka:

"Kesho akija kunipeleka kwake, nimjibu nini, fundi?"

Jumamosi ilipita bila harusi. Laptop bado iko rafuni kwangu, na hakuna aliyekuja kuichukua.